Mcheke Mwenyekiti, Mwache Mwenye Duka

Oktoba 14 ikikaribia, vijana wa Tukuyu huanza kuwazungukia wazee wakiazima kaunda suti. Ni Siku ya Nyerere, na igizo la zama za ujamaa halikosekani: mwenyekiti wa kijiji mwenye kitambi cha mto, mgambo na rungu lake, foleni ya sukari, na kaulimbiu ya zidumu fikra kila baada ya sentensi mbili. Watu hucheka hadi wakashika mbavu, na wana haki. Aliyewahi kuamka alfajiri ya giza kupanga foleni ya mche wa sabuni alishakilipia kicheko hicho zamani. Sina neno na kicheko. Nina neno na nyinyi wanangu mnaoandika na kucheza kuhusu yule mnayemcheka, na nanyi walimu na wachungaji mnaowapa ukumbi.

Nilialikwa kutazama mazoezi ya igizo moja la namna hiyo. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu zile za Tukuyu, waigizaji wakawa wanapiga kelele badala ya kusema. Mwaka wa hadithi ni 1983, serikali ikiwa katika vita dhidi ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Sukari imepotea kijijini. Mwenyekiti anaitisha mkutano, anafoka, anawatuma mgambo wapekue nyumba hadi nyumba, na mwisho magunia yanakutwa chini ya kitanda chake mwenyewe. Hadithi nzuri, na mwisho wake unauma panapostahili. Lakini mwandishi alimpachika katikati Mhindi mwenye duka. Kijana aliyemcheza alijipaka unga usoni, akajifunga taulo kichwani, na kila alipofungua kinywa alikivunja Kiswahili vipande vipande. Hakupewa jina, kwenye karatasi aliandikwa Mhindi, basi. Hakuwa na mke wala mtoto wala ugonjwa wala ndoto, alikuwa anahesabu noti tu. Kila akiingia, vijana waliokaa sakafuni waliangua kicheko kabla hajasema lolote. Mwenyekiti, ambaye ndiye mwizi, aliingia na kutoka na hakuna aliyetabasamu, maana yeye alipewa Kiswahili sanifu na suti iliyopigwa pasi.

Magunia yalipovutwa chini ya kitanda, watu walikuwa wameshachoka kucheka. Walipiga makofi ya adabu. Nilimwambia mwandishi pale pale: mwanangu, umemsaidia mwenyekiti kutoroka.

Dhihaki ya siasa hupanda juu. Humfuata mwenye muhuri, mwenye funguo za ghala, mwenye amri ya kuwatuma mgambo. Mwenyekiti akichekwa kwa sababu anahubiri usawa huku analalia sukari, amechekwa kwa alichokichagua, na kesho anaweza kukiacha. Mwenye duka akichekwa kwa pua yake na ulimi wake, amechekwa kwa alichozaliwa nacho, na hata akiligawa duka lote bure mtamcheka vile vile. Hapo siasa imeshatoka jukwaani. Aliyeko madarakani hulipenda sana igizo la namna hiyo: watazamaji wanarudi nyumbani wameridhika, naye hakuguswa hata ukosi.

Nyerere mwenyewe aliliona jambo hili mapema kuliko wengi wanaoiga sauti yake leo. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 5, 1967, na mara mabenki yakataifishwa. Katika shangwe zile wapo waliodhani kwamba ukisema bepari umesema Mhindi, na ukisema mnyonyaji umesema Mzungu. Februari 14, siku 9 tu baada ya Azimio, akaandika makala katika gazeti la The Nationalist kulikataa wazo hilo. Hoja yake ilikuwa rahisi na kali: ujamaa na ubaguzi wa rangi havikai nyumba moja, mnyonyaji anaweza kuwa mweusi na mjamaa anaweza kuwa Mhindi, anayewapanga watu kwa asili yao ameshautupa ujamaa, hata awe na kadi ya chama mfukoni. Sasa mnaposherehekea siku yake kwa kumvisha kijana taulo kichwani, sijui mnamsherehekea Nyerere yupi.

Najua mtakachonijibu, kwa maana nilijibiwa siku ile: mbona walikuwepo, mbona waliuficha mchele? Walikuwepo. Walanguzi walikuwepo wa kila rangi na kila dhehebu, na waliokamatwa 1983 walikuwa wa kila asili. Simtetei mwenye duka awe mtakatifu. Lakini huyo Mhindi wenu naye ana historia. Wahindi walikuwa na maduka Tukuyu tangu enzi za mkoloni. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na kwa kuwa mengi yalikuwa ya Wahindi, familia nyingi nchini zilifunga mizigo zikaondoka. Waliobaki walibaki na sababu zao: mwingine mama mzee, mwingine kaburi la baba, mwingine hakuwa na nchi nyingine aijuayo. Nendeni mkawaulize wazee wa mjini ilikuwaje pale kaunta, walisalimiana kwa lugha gani, nani alikopeshwa na nani hakukopeshwa. Mtarudi na mtu.

Hiyo ndiyo tofauti kati ya kumweka mtu jukwaani na kuweka vazi. Wengine siku hizi wanadhani haki imetendeka wakishahakikisha kila kabila na kila rangi ina mwigizaji wake: Mhindi mmoja, Mmasai mmoja, mlemavu mmoja, mwanamke mmoja, wote wamepangwa tayari kupigwa picha. Uwakilishi wa kuhesabu vichwa ni nusu ya kazi, tena ile nusu nyepesi. Swali langu ni je, huyo mliyemleta ana jambo analolitaka yeye mwenyewe? Ana sentensi hata moja inayomshinda mwenyekiti?

Mwaka 1969 Nyerere alitoa Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya komedi ya Shakespeare. Ndani yumo Shylock, Myahudi mkopeshaji, aliyeandikwa achekwe na watazamaji wa London ya karne ya 16. Shakespeare hakuwa malaika. Shylock anadhalilishwa mpaka mwisho na analazimishwa kuacha dini yake, na sehemu hiyo mimi sijawahi kuicheka. Lakini katikati ya mchezo mwandishi alimpa kinywa. Akasimama akawauliza waliomtemea mate mwili wake una tofauti gani na wa kwao. Maneno yale yamedumu kuliko mzaha wote uliomzunguka. Na jina ambalo Nyerere aliupa mchezo linaubeba mji mzima wa wafanyabiashara, halimwachii Myahudi mzigo peke yake.

Kwa hiyo mpeni mwenye duka jina na usiku mmoja. Mwenyekiti anapita mlango wa nyuma saa 4 usiku kununua sukari kwa bei ya magendo, na mchana ule ule ametoka kuhutubia dhidi ya magendo. Mwenye duka anatetemeka, hajui kama huyu amekuja kununua au kumtega. Akiuza anafungwa, akikataa anafungwa. Mke wake yuko nyuma ya pazia anampigia ishara. Mwenyekiti naye anaogopa, maana mjumbe wa nyumba kumi ana dirisha linalotazama uchochoroni. Hapo mna watu wawili wenye hatia wanaoogopana, na mtacheka bila taulo lolote. Vijana wale walilijaribu onyesho hilo kwa kubuni papo kwa papo, mvua ikiendelea, na kwa mara ya kwanza jioni ile mwenyekiti alichekwa.

Anayetaka kuona jinsi kazi hii inavyofanywa na fundi amsome Euphrase Kezilahabi. Kaptula la Marx, tamthiliya aliyoiandika mwishoni mwa miaka ya 1970 na ikakaa hadi 1999 ndipo ikachapishwa, inamhusu Rais Kapera aliyevaa kaptula ya mwanafalsafa wa Kijerumani, na kaptula imempwaya. Basi. Mzaha wote umekaa pale kiunoni. Huhitaji kujua Kapera ni kabila gani wala anatamkaje herufi zake ili ucheke. Unahitaji tu kuwa umewahi kumwona kiongozi akishikilia fikra ya kuazima kwa mikono miwili isimwanguke mbele za watu. Kezilahabi alikuwa mtu wa Ukerewe, na angeweza kwa urahisi kujaza jukwaa Wasukuma na Wahaya wa kuchekesha. Alilicheka Baraza la Mawaziri.

Nina jambo jingine kuhusu maigizo ya hapa kwetu, na hili linanikera kidogo. Mengi yanaonyesha malori ya serikali yakibomoa nyumba na kuwahamisha watu usiku, kama ilivyokuwa katika Operesheni Dodoma mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mambo hayo yalitokea, lakini hapa Rungwe hayakuwa hivyo kwa sehemu kubwa. Watu hapa walikuwa tayari wamekaa kwa kubanana ndani ya migomba yao. Vijiji vingi viliandikishwa pale pale vilipokuwa. Mnaigiza machungu ya Wagogo huku yenu yamelala. Ya kwenu yalikuwa mengine. Vyama vikuu vya ushirika vilifutwa 1976, mkulima akaamka hana chombo chake, na vikaruhusiwa tena kwa sheria ya 1982. Chai ilikuwa chini ya mamlaka ya serikali. Na chai ina tabia moja ambayo mwandishi wa vichekesho angeipokea kwa mikono miwili: jani bichi likishachumwa linatakiwa kufika kiwandani siku ile ile, likichelewa linaharibika. Hebu wekeni jukwaani magunia ya majani mabichi, akina mama wamekaa juu yake wakisubiri lori lisilokuja, na mwenyekiti anahutubia saa nzima kuhusu uzalishaji. Kila baada ya aya moja mama mmoja anaingiza mkono ndani ya gunia, anatoa jani, analinusa, analirudisha. Hasemi neno. Watu wa Katumba na Mwakaleli watacheka mpaka walie, na hakuna aliyetukanwa isipokuwa hotuba.

Na bepari wenu msimtafute mbali. Mwaka 1972 Waholanzi wawili, van Hekken na Thoden van Velzen, walitoa kitabu kilichochapishwa The Hague kuhusu uhaba wa ardhi na pengo kati ya wenye nacho na wasio nacho katika wilaya hii hii ya Rungwe. Wakulima waliokuwa na uwezo walijua njia ya kwenda kwa watumishi wa serikali, na watumishi walijua njia ya kwenda kwao. Bepari huyo alikuwa Mnyakyusa, jirani, mzee wa kanisa pengine, mwenye nyumba ya bati na vibarua shambani. Kiongozi naye, Azimio la Arusha lilimkataza kuwa na mishahara miwili, hisa katika kampuni, au nyumba ya kupangisha, na likamhesabu pamoja na mwenzi wake, kwa hiyo kuandika nyumba kwa jina la mke hakukusaidia. Ilibidi mjanja amtafute shangazi. Jamani, shangazi asiyejua kusoma anayegundua siku moja kwamba ana nyumba tatu mjini, huyo si mhusika wa bure kabisa?

Sasa lafudhi. Hapa nawasemesha Wanyakyusa wenzangu bila kuzunguka. Tunapoangalia vichekesho vya Dar es Salaam kwenye runinga na kumwona Mnyakyusa akiletwa mwenye majivuno, anasema habali badala ya habari na kujaza ndaga fijo kila mahali, tunanuna. Tunasema hatuko hivyo. Kinyakyusa hakina sauti ya r, ndiyo, lakini tumetoa maprofesa na mawaziri kwa lugha hiyo hiyo. Halafu tukirudi Tukuyu na kuandika igizo letu, nani anakuwa bubu wa kuchekesha? Mndali anayekuja kutafuta kibarua. Msafwa. Mkinga mwenye kibanda, ambaye kwenye maigizo yetu anaijua hela tu na hamjui mama yake. Mkuki kwa nguruwe huo. Huwezi kudai heshima Kinondoni na kuinyima Kiwira.

Kuna filamu iliyotatua tatizo hili kwa namna ambayo nimeipenda. Mwaka 2017 Armando Iannucci, Mskoti mwenye asili ya Italia, alitoa The Death of Stalin, kichekesho kuhusu viongozi wa Urusi ya kikomunisti wanaogombea kiti bosi wao akiwa bado sakafuni. Stalin halisi alikuwa Mjojia na alikisema Kirusi kwa lafudhi ya kwao maisha yake yote. Kwa mchekeshaji mvivu hiyo ni zawadi. Iannucci hakuigusa. Hakumwambia mtu yeyote aige Kirusi. Stalin anasema kama mtu wa mitaa ya London, Khrushchev anasema kama Mmarekani, Marshali Zhukov kama mtu wa kaskazini ya Uingereza, na waigizaji wengi wana ulimi wao wa nyumbani. Kicheko kikakosa pa kuegemea isipokuwa kwenye woga wao: wakubwa wanashindwa hata kuamua kumwita daktari. Na hilo lina mzizi wa kweli, kwani Januari 1953, mwaka aliokufa Stalin, madaktari wengi, wengi wao Wayahudi, walikuwa wameshtakiwa kwa njama ya kuwaua viongozi. Urusi iliifutia filamu kibali Januari 2018, siku chache kabla haijaonyeshwa. Miongoni mwa waliokasirika walikuwemo wenye vyeo. Kasoro yake ninayoiona ni kwamba wanawake wenye maneno ya maana ndani yake ni wachache mno, binti wa Stalin na mpiga piano mmoja, basi karibu umemaliza.

Fanyeni hivyo hivyo. Mwenyekiti aseme kwa sauti ya nyumbani kwa kijana anayemcheza, na mwenye duka vile vile, na Mchina pia. Maana huyo Mchina naye ameanza kuingia kwenye maigizo, anakuja kujenga reli akitoa milio isiyo lugha yoyote. Wachina waliojenga TAZARA kati ya 1970 na 1975 walipita hapo Mbeya, na baadhi yao hawakurudi kwao. Makaburi yao yako Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Kama mnataka kucheka kuhusu reli, wachekeni waliozipokea mashine wakaziacha zikaota kutu.

Wanawake nimewaweka nyuma kwa makusudi, maana ndiko maigizo yetu yanakowaweka. Mwanamke ndani ya igizo la ujamaa ana nafasi mbili, mke anayelia na hawara anayekula fedha za kijiji, na mara nyingi zote mbili huchezwa na mvulana aliyejaza matambara kifuani, kwa sauti nyembamba. Nimeuliza sababu, na iliyo ya kweli ni nzito kuliko nilivyotarajia. Kwa mila yetu mkwe wa kike alimkwepa baba mkwe, hakumtazama, hakutamka jina lake. Kuna familia ambazo heshima hiyo bado haijafa kabisa, na binti aliyeolewa hawezi kukata kiuno jukwaani baba mkwe akiwa kiti cha mbele. Sitawaambia mumvunjie heshima yake. Nawaambia mwandikieni nafasi isiyohitaji kukata kiuno. Mwanamke aliyesimama kwenye foleni alijua bei ya kila kitu, alijua mwenyekiti amelala wapi, alijua mgambo gani ana njaa. Mpeni daftari la duka la kijiji alisome kwa sauti mbele ya mkutano, jina kwa jina, kilo kwa kilo. Hakuna baba mkwe atakayeaibika kwa hilo, labda kama jina lake limo daftarini.

Penina Muhando aliwahi kuwacheka wanawake wenzake katika Nguzo Mama, mwaka 1982. Wanawake wa kijiji cha Patata wanashindwa kusimamisha nguzo kwa sababu ya ugomvi na visingizio vyao, na waume zao hawakosekani katika kuwakwamisha. Ni kicheko kikali. Lakini wanachekwa kwa wanayoyatenda wakiwa watu wazima wenye akili, na kila mmoja wao ana lake. Ukiweza kumcheka mwanamke namna hiyo, mcheke bila wasiwasi.

Nanyi wazee mliokuwa makatibu kata, wenyeviti, wajumbe. Nawajua, tunasalimiana njiani. Najua inavyouma kumwona mjukuu amevaa suti uliyomwazima wewe mwenyewe akicheza mwizi wa sukari, na ukumbi mzima unageuka kukutazama. Wengine wenu hamkuiba hata punje. Kumbukeni tu kwamba Mwongozo wa TANU wa 1971 uliwataka viongozi wasiwe na majivuno wala kuwadharau watu, na wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam wakaanza kuutumia mbele ya mameneja wao. Chama chenyewe kiliwapa watu haki ya kuwanyooshea kidole. Ukiwa umekaa kwenye kiti, kiti kitachekwa, na mvi zako hazijaguswa. Kijana naye aijue mipaka: aige hotuba, aige muhuri, aige jinsi mlivyopanga meza kuu, lakini asiuige mguu mbovu wa mzee fulani anayejulikana kijiji kizima, wala kigugumizi chake. Mguu haukutoa amri.

Limebaki la siku yenyewe. Kabla ya onyesho, mwalimu, peleka mwaliko kwa mkono kwa wale mliowaandika: familia ya Kihindi kama bado ipo, wenye maduka wa Kikinga, wazee wa chama. Usiwaombe ruhusa, waombe waje. Kisha wakati wa onyesho usitazame jukwaa, umeshaliona. Tazama ukumbi. Utamwona anayecheka kwa meno tu, akiangalia pembeni kama wenzake wanamwangalia. Onyesho likiisha mfuate, umsalimie vizuri, umuulize ni sentensi gani iliyomchoma. Usimwambie ni utani tu; hilo analijua, na limemfikisha hapo. Mara nyingi itakuwa sentensi moja au mbili, na mara nyingi zitakuwa zile ambazo hata mwandishi hakuzipenda, aliziweka kwa sababu zinachekesha haraka. Zitoeni. Mkiwa mnakwenda kucheza Kiwira Jumamosi, kaeni Ijumaa mchana mziandike upya, na aliyeumia akitaka kuja kuwasaidia kuandika, mpeni kalamu.